Kukata kwato za punda: sasa ni Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zetu, hamjambo nyote.

Kukata kwato za punda wetu waliookolewa kumesogezwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi hii, saa 12:30 asubuhi, pale zizini Langoni. Tuwahi kabla jua halijawa kali. Punda akishikwa na joto hatulii, na akirusha mguu kisu huingia nyamani.

1. Mchango ni Sh 300, umfikie mweka hazina kabla ya magharibi ya Alhamisi. Ni za nyasi kavu na dawa ya minyoo. Dawa hutolewa kwa uzito wa kila mnyama, kwa hivyo mwenye utepe wa fundi cherehani aje nao tupime kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele.
2. Twahitaji watu 4 wa kushika na 2 wa kuzoa samadi. Sakafu iwe kavu kabisa. Kwato zikishinda kwenye mkojo huoza upande wa chini, penye umbo la V, na harufu utaisikia kabla hujaona kitu.
3. Kamba za pamba, si nailoni. Nailoni huchuna ngozi.

Tafadhali sana, msilete pumba wala unga wa mahindi, hata kwa huruma. Wanga mwingi huvimbisha kwato kwa ndani, punda akashindwa hata kusimama. Mifuko ya plastiki nayo irudi nyumbani, akiila humziba tumbo.

Andikeni "Nipo" na kazi uliyochagua, leo kabla ya saa 3 usiku. Asanteni sana.