Nani anayo riwaya ya watu wa mkonge?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Barazani kwangu wateja wakingoja nguo husomeana riwaya. Zamani walikuwa wakingoja huku wakinisema kwa kuchelewesha. Siku hizi nguo hukwisha na mtu haondoki.

Sasa tuko na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Gurnah mwenyewe aliiandika kwa Kiingereza na ilitoka mwaka 1994, miaka 27 kabla hajapewa Nobeli. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka na ami yake tajiri, yule ambaye kila akija humpa sarafu ya ana kumi. Kumbe tajiri huyo, Aziz, si ami yake wala si ndugu. Baba anadaiwa, na mtoto ndiye rehani. Tulipofika hapo, bi mkubwa mmoja aliyeleta dera lipunguzwe akanishika mkono: "Na mama mtu alijua?" Tulibishana mpaka adhuhuri, na dera sikuligusa.

Mwanangu aliye chuoni kaniletea nyingine, Kintu, ya Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda. Hii ni ya Kiingereza na naisoma kwa kujikokota, lakini sijuti. Mwaka 1750 mkuu wa jimbo la Buddu huko Buganda, Kintu Kidda, anampiga kofi kijana aliyemlea kama mwanawe. Kijana anakufa, na laana inashuka mpaka kwa vitukuu wa mwaka 2004. Taabu yangu ni majina. Waganda pacha wana majina yao maalumu, basi akina Babirye na Nnakato hawana mwisho. Nikafungua daftari la vipimo kwa nyuma, nikauchora ukoo mzima kwa penseli. Mteja akauona, akauliza ni harusi ya nani hiyo yenye sare za watu wengi namna ile.

Ukoo ule ndio ulionifanya nishike kalamu. Babu yangu mzaa mama alitoka Kigoma kuja kuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, enzi za Mwingereza. Alikuwa na kipande chake, kadi ya kazi ya siku 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na siku asiyomaliza mistari yake ya mkonge haikuhesabiwa. Kwao hakurudi. Alioa Mbondei wa Muheza, akazaliwa mama, nikaja mimi na cherehani yangu. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani mwaka 1893. Tangu hapo ni watoto wangapi wamezaliwa kambini na kuzikwa palepale? Riwaya ya karafuu tunayo, Adam Shafi katuandikia Kasri ya Mwinyi Fuad. Ya mkonge, inayomfuata babu hadi mjukuu, mimi sijaitia machoni.

Wasomaji wenzangu, anayeijua anitajie hapahapa gazetini: jina lake, mwandishi, na kama ni ya Kiswahili. Nawe Mhariri, ukitutengea hata robo ukurasa kwa mwezi tupashane vitabu, nitashukuru. Ila tusisimuliane mwisho. Kuna kijana alinimalizia Peponi akiwa amesimama mlangoni, kiatu hata hajavua. Suruali yake ilikaa wiki nzima bila zipu.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga