Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi ya Maua ya Mwituni, Uwanda wa Kitulo

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, nami sitayagusa. Taarifa hii inahusu matembezi yenyewe, hasa uamuzi tulioupitisha mkutano uliopita: kuacha safari moja kubwa ya Februari na badala yake kupanda Kitulo mara nne, yaani Oktoba, Desemba, Februari na Aprili. Waliopinga walisema nje ya Februari hakuna cha kuona. Ratiba ya mwaka mzima imewajibu.

Kwa wanachama wapya: uwanda huu uko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Umekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 400, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu; wataalamu wa mimea, Serengeti ya Maua. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake 45 ni okidi za ardhini. Hizi hazining'inii mitini kama za mapambo. Zinaota kwenye nyasi, kutoka kwenye kiazi kilicho chini ya udongo.

Oktoba ndiyo iliyodharauliwa zaidi. Nyasi ni fupi, na palipopita moto ardhi ni nyeusi. Hapo hapo ndipo pa kuinamia. Mimea yenye akiba chini ya ardhi haisubiri mvua. Disa baurii, okidi ya bluu, hutoa ua kwanza na majani baadaye, wakati hakuna nyasi ndefu za kuificha isionwe na wadudu. Shina lake ni jembamba kama bua, na anayetembea huku akitazama milima atalipita bila kujua. Kasi yetu ya Oktoba ni kilomita moja kwa saa, haizidi.

Desemba mvua zimeshashika, na hapo linaanza tatizo la saa. Maua mengi ya jamii ya alizeti na ya iris hujifunga kukiwa na ukungu au wingu zito. Ukifika saa 1 asubuhi utakuta vitumba vilivyofumbwa na umande wa kukulowesha hadi magotini. Ukichelewa, mvua ya mchana inakukuta wazi uwandani, na radi kwenye uwanda usio na miti si jambo la mzaha: kilicho kirefu kuliko vyote ni wewe. Kwa hiyo dirisha letu ni saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Wingu likianza kujenga mnara, tunageuza, hata kama kuna okidi mbele ambayo hakuna aliyewahi kuipiga picha.

Februari ni ile mnayoijua: rangi kila upande, na Kniphofia zimesimama kama mienge ya njano na nyekundu. Lakini kwa anayejifunza, Februari ni ngumu kuliko Desemba. Nyasi zimepanda, okidi ndogo zimezama ndani yake, na macho yanavutwa na rangi ya mbali. Tiba yake ni kuchagua eneo la hatua kumi kwa kumi pembeni mwa njia, na kulisoma kwa nusu saa bila kusogea.

Swali linaloulizwa kila safari ni namna ya kutofautisha okidi, basi niliweke kwenye maandishi. Usianze na rangi, inadanganya. Piga goti, tazama ua kwa ubavu, tafuta kijipembe chenye utupu ndani kinakokaa utamu wa wadudu. Vikiwa viwili, vinaning'inia nyuma ya ua kama mikia pacha, hiyo ni Satyrium. Kikiwa kimoja, kinatoka kwenye kofia iliyo juu ya ua, ni Disa. Kikiwa kimoja lakini kinatoka chini, kwenye mdomo wa ua, na ua lenyewe ni jeupe au la kijani, karibu kila mara ni Habenaria. Lenzi ya mkononi ya mara 10 inatosha. Ishike ikigusa jicho, kisha peleka kichwa kwenye ua mpaka lionekane wazi. Wengi wanafanya kinyume: wanalivuta ua lije kwenye lenzi, na shina linakatika.

Picha nazo zimetuangusha. Nyingi zilizoletwa kwenye kamati ni ua limepigwa kwa mbele, zuri, lakini halitambuliki. Zinahitajika nne: mmea mzima na mahali ulipo, ua kwa mbele, ua kwa ubavu (kijipembe kionekane), na jani linapoungana na shina. Weka kidole kando kuonyesha ukubwa. (Na yale maua meupe yenye kitovu cha njano, yaliyopangwa mistari kwenye mashamba ya njiani, ni pareto. Tafadhali yasiletwe tena.)

Kabla ya kurusha picha ya okidi mtandaoni, zima kipimo cha mahali kwenye simu. Si ushirikina. Viazi vya okidi vinachimbwa na kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, ambako vinatwangwa unga, vinachanganywa na karanga, magadi na pilipili, na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwa mwaka. Kila mmea una viazi viwili: kimoja kimesinyaa kwa kulisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, cha mwakani. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Ua linaweza kubaki limesimama siku kadhaa, mpita njia akalisifia, kumbe limeshakufa.

Kwa sababu hiyo hiyo nawajibu wanachama walioomba kamati iwatafutie mche wa kupanda nyumbani: hapana. Kuchuma au kuchimba hifadhini ni kosa kisheria. Na hata mbegu isingesaidia. Ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti isipokutana na kuvu wake ndani ya udongo. Aprili ndipo inapoonekana vizuri: ganda linapasuka, upepo unabeba. Safari ya Aprili ilikuwa ya maganda na ya yale maua makavu yasiyonyauka, Helichrysum, yanayochakarisha ukiyagusa. Ilipata watu wachache, na ndiyo iliyofundisha zaidi.

Kasoro yetu kubwa ilikuwa nyayo. Mtu mmoja akitoka njiani kupiga picha, watano wanamfuata, na udongo uliolowa unagandamizwa juu ya machipukizi ambayo bado hayajatokeza. Kuanzia sasa kundi ni watu wanane, kwa mstari mmoja, na mpiga picha anatoka peke yake, anarudi kwa alama za viatu vyake mwenyewe. Viatu visuguliwe kabla ya kupanda, maana mbegu za magugu ya mashambani husafiri kwenye tope la soli.

Njia tunayopandia uwandani, ya Chimala hadi Matamba, ile ya kona hamsini na saba, inateleza mvua ikishika. Gari lisilovuta magurudumu yote manne halitapanda kwa ajili yetu kati ya Desemba na Aprili. Kila mmoja abebe lita 2 za maji, koti la mvua, sweta na kofia, kwani kwenye mwinuko ule jua linaunguza hata kukiwa na baridi. Juni hadi Agosti tunapumzika: ukungu, na usiku baridi kali.

Safari ya kwanza ya mwaka mpya ni Oktoba, inaondoka Chimala saa 12 kamili asubuhi. Atakayekuja na ndala atatusubiri Matamba.

Mwenyekiti