Yah: Malalamiko kuhusu ufukizaji wa vitabu ulioua wadudu na kuacha ukungu

Ndugu Mkurugenzi,

Naandika kwa niaba ya maktaba yetu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kulalamikia ufukizaji ambao kampuni yako iliufanya kabla ya masika na kuutolea cheti kwamba vitabu viko salama. Havikuwa salama. Mvua hazijaisha, na tayari dumuzi wanatoboa migongo ya majalada, huku chawa wa vitabu wametapakaa kwenye rafu zote zinazopakana na ukuta wenye unyevu.

Mafundi wako walipofika tuliwaonesha madoa ya ukungu, tukaomba vitabu vilivyoathirika vitengwe, vikaushwe na kusafishwa kwanza. Tulijibiwa kwamba ukungu si mdudu, hivyo haumo katika mkataba. Jibu hilo ndilo kiini cha malalamiko yetu, kwa kuwa ndani ya karatasi maadui hawa wawili hawatengani. Ukungu hutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi, yaani nyuzi za mimea zinazounda karatasi, na gundi ya unga wa ngano iliyotumika kujalidi, na karatasi iliyolainika hivyo hutafunwa kwa urahisi. Chawa wa vitabu hata hula ukungu wenyewe. Wadudu nao huueneza, maana hubeba mbegu zake miilini na katika kinyesi, wakazifikisha ndani ya matundu ambamo brashi haifiki. Gesi ya fosfini mliyotumia huua wadudu waliomo wakati huo, lakini haiachi kinga ikishatoka, wala si dawa ya ukungu.

Baya zaidi, vitabu vilirudishwa rafuni vikiwa vimefungwa ndani ya mifuko ya plastiki bila kukaushwa, ilhali ukungu hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70, hali ya kawaida katika mwambao huu. Sasa kurasa zimegandana. Miongoni mwa vitabu hivyo ni vya fiqhi vilivyochapwa Cairo na Bombay, ambavyo walimu wetu waliotangulia mbele ya haki waliandika maelezo yao pembezoni. Nakala nyingine inaweza kununuliwa. Maandishi yale hayanunuliki.

Tunadai mtuletee mtaalamu wa uhifadhi wa karatasi akague kila rafu, mgharamie ukaushaji na usafishaji, mfute cheti mlichotoa, na mrejeshe malipo yetu. Tunaomba pia jibu la maandishi kabla mifuko iliyobaki haijafunguliwa, ili mwakilishi wako ashuhudie hali ya vitabu.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa Maktaba