Barua ya Malalamiko: Plaiwudi kwa Bei ya Mbao Nzima

Tanga,
14 Agosti 2024.

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vyombo vya Muziki,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: GITAA KAVU NILILOUZIWA TAREHE 19 JULAI 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Tanga niliyenunua gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, kwa Sh. 1,450,000. Nililipa zote kwa simu, kwa mkupuo, na risiti ya EFD mlinitumia kwa picha siku hiyohiyo. Tangu gitaa lifike nimewapigia simu mara nne. Mara mbili nimeambiwa mhusika katoka kuswali, mara moja kaenda bandarini, na mara ya nne simu ilipokelewa na mtoto. Kwa hiyo naandika.

Nianze na sababu ya kulitaka gitaa hili, maana kijana wenu wa mauzo aliniuliza kwa mshangao, "Mzee wangu, si unayo mengine?" Ninayo. Nyumbani yapo matatu. La kwanza ni galatoni la marehemu mjomba wangu. Vijana jina hilo hawalijui, lakini wazee wetu gitaa kavu lolote waliliita galatoni, kwa sababu ya yale ya chapa ya Gallotone yaliyokuwa yakitoka Afrika Kusini. Mjomba alilipiga barazani kwa kuiga vidole viwili vya Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, gumba na shahada tu, jioni zile ambazo hakuwa na kiingilio cha kwenda kuzicheza bendi zetu za Tanga, Atomic au Jamhuri. La pili ni Yamaha kuukuu nililouziwa na mwalimu mwenzangu alipopata uhamisho. La tatu ni la nyuzi za nailoni, la mke wangu kwa jina na langu kwa matumizi.

Yote matatu uso wake, yaani ubao wa mbele, ni plaiwudi, na sina ugomvi nayo. Gitaa la plaiwudi ni gumu, linavumilia pwani, linaanguka na kuokotwa. Hata lile la John Lennon wa Beatles alipokuwa kijana Liverpool mwaka 1957 lilikuwa Gallotone, na ndani yake lilikuwa limebandikwa karatasi ya kiwanda inayotoa dhamana kwamba halitapasuka. Ndiyo sifa ya plaiwudi hiyo: tabaka zake zimepishanishwa, moja wima, moja mlalo, kwa hiyo haichaniki kirahisi. Mtengenezaji alijua anachouza akaisifia sifa iliyokuwepo.

Mimi nilichokikosa miaka yote thelathini na kitu ya kupiga ni gitaa lenye uso wa mbao nzima. Ubao mmoja wa sprusi, mti wa nchi za baridi, uliopasuliwa ukafunguliwa kama kitabu, unene wake kama milimita 3 hivi, unaotikisika wote kwa pamoja ukiugusa uzi. Sauti yake hukomaa kadiri linavyopigwa. Nilistaafu mwaka jana, na katika kiinua mgongo nikatenga fungu la gitaa hilo moja. Mke wangu alikubali kwa sharti kwamba liwe la mwisho. Mnaona basi kwamba hapa sikuwa nanunua gitaa la nne ili niwe na manne.

Tangazo lenu (nakala nimeambatanisha, na mpaka jana usiku lilikuwa bado lipo vilevile) linasema: uso mbao nzima ya sprusi, mgongo na ubavu rozwudi, kasha gumu bure. Sikuliamini tangazo peke yake. Tarehe 12 Julai nilipanda basi nikaja Kariakoo mwenyewe. Mlinionyesha gitaa lililotundikwa ukutani upande wa kushoto, chini ya feni. Nililishika. Nikalichungulia kwenye ukingo wa tundu la sauti, pale ambapo ubao umekatwa, na michirizi ya mbao iliyo usoni ikaingia ndani ya ukingo bila kukatika, kutoka juu hadi chini. Huko ndiko mbao nzima inakojulikana. Nililipiga kama dakika ishirini, kijana akaniletea na soda. Nikapiga picha ya lile tundu na karatasi ya ndani, nikimtumia mwanangu aliye Mwanza tuje tushauriane. Nawashukuru kwa soda. Picha ile ndiyo iliyoniokoa.

Niliporudi na jibu wiki iliyofuata, kwa simu, niliambiwa lile la ukutani ni la maonyesho, limeshikwashikwa mno, na kwamba stoo lipo "pacha wake, bado limefungwa na nailoni." Nikafurahi. Nani hataki kipya? Nikalipa.

Tarehe 21 Julai nikaitwa ofisi ya basi kuchukua mzigo. Kasha gumu halikuwepo. Gitaa lilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko ndani ya kiroba cha sandarusi, kiroba kimefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake kumeandikwa kwa kalamu ya wino mzito "USIKALIE." Kutoka Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi, ndani ya buti, pamoja na matenga. Nililipia mzigo Sh. 18,000, ingawa tulikubaliana usafiri ni juu yenu. Haya ningeyasamehe.

Usiku ule nilichukua kioo cha poda cha mke wangu na tochi ya simu. Ukingo wa tundu ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, nzito, na lile la ukutani halikuwa na rangi hapo. Nikakwangua kidogo sana kwa ncha ya wembe, upande wa ndani ambako hakuonekani. Chini ya rangi zikatokea tabaka tatu: nyeupe, ya kahawia, nyeupe. Nikaingiza kioo nikatazama mgongo kwa ndani. Nje una michirizi ya zambarau na nyeusi ya rozwudi, inapendeza kweli. Ndani ni mbao iliyopauka isiyo na mchirizi hata mmoja unaofanana na wa nje. Ni ngozi ya rozwudi iliyogandishwa juu ya kitu kingine. Rozwudi ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni ukoo wa Dalbergia, na mtu aliyekulia nchi ya mpingo huwezi kumwambia mbao hii ina sura moja nje na nyingine ndani.

Kisha nikasoma karatasi ya ndani, nikailinganisha na ile picha ya Kariakoo. Jina la toleo ni lilelile, tarakimu ni zilezile, ila la ukutani linaishia na herufi moja ambayo hili langu halina. Nimetazama orodha ya mtengenezaji. Herufi hiyo moja ndiyo mbao nzima. Bila hiyo, ni plaiwudi, na mtengenezaji amesema hivyo wazi bila kumficha mtu. Kwa hiyo chapa sina haja ya kuilaumu wala kuitaja. Pacha mliyeniambia ni binamu wa mbali.

Lipo na la pili, na hili lingekuwa kosa hata kama gitaa lingekuwa la plaiwudi kwa makubaliano. Halipigiki. Katika freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili kilichokatiza shingo, kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi mzito, nimepima milimita 4 na nusu. Gitaa la kawaida la nyuzi za chuma huwa kwenye 2 na nusu hapo, na uzi mwembamba chini yake kidogo. Ukibana kodi ya F, ile ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote, kwenye gitaa hili unakuwa kama unabana koki ya maji. Kijana wenu alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mzee wangu, gitaa jipya ndivyo lilivyo, vidole vikikomaa utazoea." Vidole vyangu vilikomaa kabla yeye hajazaliwa.

Baadaye akanishauri nizungushe kile chuma cha ndani ya shingo. Chuma kile kazi yake ni kuizuia shingo isipinde kwa mvuto wa nyuzi, na mvuto wa seti ya nyuzi za unene wa kawaida, 12 kwa 53, ni zaidi ya kilo 70, si mchezo. Lakini shingo ya hili haijapinda. Nimeweka rula juu ya freti, imelala sawasawa. Nilipeleka kwa fundi wangu hapa Tanga, mzee anayetengeneza udi na magitaa tangu enzi za vikundi vya taarabu, naye hakuhitaji hata rula. Alilishika kitako, akafumba jicho moja akalitazama kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki. Shingo imenyooka, akasema, ila pembe yake pale inapoingia kwenye mwili imeachia. Kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kwenye daraja, pale zinapofungwa usoni, tayari kimechongwa hadi kimekaribia kuisha, ishara kwamba kuna mtu alishajaribu kuzishusha nyuzi kabla halijanifikia. Dawa iliyobaki ni kuing'oa shingo kwa mvuke na kuigandisha upya. Yeye anahisi lilikaa stoo muda mrefu, kwenye joto, nyuzi zikiwa zimekazwa. Mimi sikuwepo stoo kwenu. Ninachojua ni kwamba "jipya, bado limefungwa na nailoni" haliwezi kuwa na mfupa uliochongwa kwa tupa.

Nijibu pia hoja ya hali ya hewa, kwa sababu najua itarudi. Mhasibu wenu, yule mama mwenye sauti ya upole, aliniambia kwa ujumbe wa sauti kwamba Tanga ina unyevu mwingi na huenda ndio umeliharibu. Ni kweli gitaa la mbao nzima linapenda unyevu wa kama asilimia 45 hadi 55, na sisi wa pwani tunaupita mwaka mzima. Ndiyo maana nilishanunua vipakiti vya kukausha na kutenga kabati. Lakini dada yangu, Kariakoo nako ni pwani. Tena picha zangu zinaonyesha hali hiyo usiku uleule liliposhuka kwenye basi. Na kama mnashikilia kwamba ni mbao nzima iliyovimba, nielezeni zile tabaka tatu. Kama mnakiri ni plaiwudi, basi plaiwudi ndiyo inayostahimili unyevu. Mchague moja.

Madai yangu ni haya. Kwanza kabisa ningependa gitaa nililolichagua, lile la ukutani chini ya feni kama bado lipo, au jingine lenye ile herufi, likaguliwe mbele yangu au mbele ya mwanangu mdogo anayesoma hapo Dar, pamoja na kasha gumu kama mlivyotangaza. Kushikwashikwa hakunisumbui. Kama halipo, nirudishiwe Sh. 1,450,000 za gitaa, Sh. 18,000 za mzigo na Sh. 10,000 nilizompa fundi kwa ukaguzi, jumla Sh. 1,478,000, kwa namba ileile niliyolipia. Pendekezo la kijana kwamba mnipunguzie laki mbili nibaki nalo silikubali. Plaiwudi ninayo ya kutosha, tena ya mjomba.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na siku hizo zikipita kimya nitalipeleka faili hili Tume ya Ushindani, FCC, likiwa na tangazo, risiti, picha mbili za karatasi ya ndani, picha ya tundu na ya kioo, na ule ujumbe wa sauti wa vidole kukomaa. Nakala za vyote nimeziambatanisha hapa ili tuwe tunazungumza kitu kimoja.

Nawaomba pia mlirekebishe lile tangazo leo, msisubiri suala langu liishe. Mimi nilijua pa kuchungulia kwa sababu ya uzee. Yupo kijana wa kwaya mahali fulani anadunduliza, na akiletewa hili atadhani vidole vyake ndivyo vibovu, ataacha.

Gitaa lenu lipo salama. Nimelegeza nyuzi, nimelilaza juu ya kabati, halijapigwa tangu fundi alirudishe, na mtu wenu anaweza kuja kulichukua siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Aje na kasha la kulibebea. Mfuko ule wa kitambaa mshono umeshaachia upande wa shingo.

Wenu,
Mteja wa gitaa la tarehe 19 Julai,
Tanga.