Kaka, mwache kwanza awe wa ridhaa

Shikamoo kaka.

Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye kundi la familia ujumbe wangu ulimezwa na picha za sendofu ya Tabata, na kwenye simu ulikata kabla sijamaliza. Uliniomba nichangie ili kijana wako ajitangaze kuwa mchezaji wa kulipwa. Ukasema gofu siku hizi ni hela, mwenye kipaji akikawia wenzake wanakula, na wifi nikamsikia kwa nyuma anaitikia. Nikakwambia ngoja, abaki kwanza wa ridhaa, yule anayecheza si kwa kazi. Ukanuna.

Ulinitolea mfano wa Kenya Open, yale mashindano ya gofu ya Nairobi. Haya, tuanzie hapohapo, maana naona umeyatazama yale mashindano kwa vipande vya simu tu, vile vya mtu kuinua kombe.

Yalianza 1967. Aliyelibeba mara ya kwanza ni Mwingereza, Guy Wolstenholme. Huyo kabla hajala senti ya gofu alikuwa bingwa wa ridhaa wa England mara mbili, 1956 na 1959, ndipo akahamia kwenye kulipwa mwaka 1960. Kwa hiyo jina la kwanza kabisa kwenye lile kombe ni la mtu aliyeimaliza shule ya ridhaa mpaka darasa la mwisho. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Wazungu walikuwa wanafuata nini Nairobi? Jua. Januari mpaka Machi Ulaya ni baridi na viwanja vimelala, basi wachezaji wakawa wanashuka Afrika kama wachuuzi wanaofuata minada: leo Nigeria, kesho Zambia, keshokutwa Kenya. Mzunguko huo waliuita Safari. Mmoja wao, Maurice Bembridge, alizoea njia hiyo mpaka akalichukua kombe la Kenya mara tatu: 1968, 1969 na 1979.

Mwaka 1978 akaja Seve Ballesteros wa Hispania, hajatimiza hata miaka 21. Akashinda Kenya, na mwezi uliofuata akashinda Greensboro kule Marekani. Mwaka uliofuata akabeba British Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Najua hapa utaruka: “Si unaona! Seve alianza kulipwa ana miaka 16!” Ni kweli, kaka, sitakudanganya. Lakini kaka zake watatu wote walikuwa wachezaji wa kulipwa, na mjomba wake Ramón Sota alishafika mpaka Masters, mashindano mengine makubwa, ya Marekani. Yule mtoto alikuwa anakula gofu asubuhi, mchana na usiku. Wetu akitoka uwanjani anarudi Mbagala kwa daladala mbili, amepakata begi la fimbo za mtumba, konda anamdai nauli ya mizigo.

Mfano unaotufaa zaidi ni Ian Woosnam wa Wales. Alianza kulipwa 1976 ana miaka 18. Ushindi wake wa kwanza mkubwa Ulaya aliupata 1982. Hiyo miaka sita katikati alikuwa akilala kwenye gari, akizunguka kutoka uwanja hadi uwanja, akila maharage ya kopo. Kenya Open aliichukua 1986, na Masters 1991. Watu husimulia hadithi ya maharage wakicheka kwa sababu mwisho wake ulikuwa mzuri. Wako wangapi waliokula maharage yaleyale na hatujui hata majina yao?

Halafu kuna Edoardo Molinari. Huyu ndiye nataka kijana amsome. Mwitaliano, alishinda ubingwa wa ridhaa wa Marekani mwaka 2005, na uhandisi kasomea chuo kikuu Torino. Kaingia kulipwa 2006, na mwaka 2007 kaja Kenya kabeba kombe. Trevor Immelman wa Afrika Kusini naye ni hivyohivyo: 1998 alishinda taji kubwa la ridhaa Marekani, mwaka uliofuata akageuka, 2000 akashinda Kenya, 2008 akashinda Masters. Hawa walikaa kwenye ridhaa mpaka ikawaishia. Hawakuikimbia.

Sasa, Wakenya wenyewe. Tangu 1967 hakuna Mkenya aliyewahi kulichukua lile kombe, nyumbani kwao, mbele ya mama zao. Aliyekaribia ni Jacob Okello, 1998. Alilingana mikwaju na Ricardo González wa Argentina, wakaenda mashimo ya nyongeza, na González akashinda. Hiyo ilikuwa wakati mashindano yako ngazi ya pili ya Ulaya, Challenge Tour, yalikokaa kuanzia 1991 mpaka 2018. Tangu 2019 yamepandishwa ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo mlango ambao Okello aliugusa kwa kidole, kijana wetu angeukuta umesogezwa mbele zaidi.

Na usisahau mchujo, ambao kwenye simu hauonyeshwi. Wanacheza Alhamisi na Ijumaa, mashimo 36. Wanaobaki ni 65 wa juu pamoja na waliolingana nao. Wengine Ijumaa jioni wanafunga mabegi. Kama ni wa kulipwa, ameondoka bila shilingi, na nauli, hoteli na kedi, yule mbeba fimbo, vyote vinamsubiri. Kama ni wa ridhaa aliyepewa nafasi, ameondoka na somo, na wiki ijayo anarudi klabuni kwake bila deni.

Halafu ile habari ya kwamba ridhaa ni njaa tupu ni ya zamani. Kanuni zilibadilishwa kuanzia Januari 2022: mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kupokea zawadi mpaka dola 1,000, hata taslimu, mradi ni mashindano yasiyotumia handikapu, lile punguzo la mikwaju wanalopewa wasio wakali. Hapa nyumbani kuna Kombe la CDF, yaani la Mkuu wa Majeshi, pale Lugalo, na kuna Lina PG Tour, ambayo tangu 2024 inazunguka viwanja vyetu kumuenzi mcheza gofu wetu, marehemu Lina Nkya. Kote huko wa kulipwa na wa ridhaa wanacheza pamoja. Anaweza kupimana nao bega kwa bega bila kusaini chochote.

Na kuhusu kusaini. Hili sikukwambia kwa sababu aliniomba nisiseme, lakini ameshanizidi.

Mwezi ule nilimfuata uwanjani, nimebeba mwavuli na maji. Mpaka shimo la 15 alikuwa anacheza vizuri mno, nikawa natembea najikuta natabasamu peke yangu. Shimo la 16 mpira wake wa kwanza ukaenda kulia, ukalala chini ya mwarobaini. Wa pili ukagonga shina. Wa tatu ukatoka njiani, wa nne ukafika grini, pale kwenye majani mafupi yenye shimo, akasukuma mara mbili. Nilihesabu kwa vidole, kaka. Mikwaju sita. Mwenzake aliyemshikia kadi ya matokeo akaandika tano, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye anayeshinda. Kijana hakuiba, Mungu shahidi. Alikuwa na simu mkononi, anamwambia mtu matokeo kabla hajamaliza. Akapokea kadi, akatia saini bila kuisoma. Angeandikiwa saba akasaini, saba ingebaki saba. Lakini ukisaini pungufu unaondolewa, hakuna kujitetea. Aliondolewa. Wewe alikwambia aliumwa tumbo.

Kwa ridhaa, kosa lile lilimnyima zawadi ya klabu. Lingetokea kwenye kulipwa, ingekuwa mchango wangu, mchango wa mama mdogo na ile pikipiki unayotaka kuiuza, vyote kwenye mstari mmoja wa kadi.

Kwa hiyo hela ya kujitangaza sitoi mwaka huu. Nauli ya basi kwenda na kurudi Nairobi natoa mimi, pamoja na malazi ya siku tatu na tiketi ya kuingia uwanjani. Hati ya kusafiria mshughulikie wewe. Afike Alhamisi, na Ijumaa kuanzia saa tisa akae karibu na shimo la 18 awaangalie wanaotoka. Jumapili arudi, fainali ataitazama kwenye simu njiani.

Msalimie wifi.