Barua kwa mwanangu muuguzi: chagua masomo yatakayokubakiza kwa mgonjwa

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako na wadogo zako. Orodha ya masomo uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisoma yote, na mama yako naye ameisoma. Umeniomba nikuambie wazi ninavyofikiri, basi nakuambia: soma, tena usichelewe, lakini usikubali masomo yatakayokuondoa kwa mgonjwa.

Ngazi za kwetu unazijua. A2 anatoka ITM, shule ya sekondari ya uuguzi, A1 ana graduat, cheti cha chuo cha miaka mitatu, A0 ana lisansi, yaani digrii. Watazame wenzako waliopanda hadi A0. Wengi walichukua ualimu na uongozi wa uuguzi, au usimamizi wa taasisi za afya, na leo wako ofisini wanapanga zamu na kutia saini ripoti. Kazi hiyo lazima ifanyike, na anayeifanya vizuri namheshimu. Lakini kwa mpango huu, anayejua zaidi ndiye anayetolewa kwenye kitanda, na mgonjwa anaachiwa kijana wa A2 aliyemaliza shule juzi. Jambo hili linaniuma tangu nilipokuwa titulaire, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, na linaniuma zaidi nikifikiri kwamba wewe unaweza kumalizikia huko, wewe mwenye mikono ile.

Unajua titulaire wa kituo cha afya anavyofanya kazi. Daktari yuko mbali, kwa hiyo muuguzi ndiye anayepima, anayeamua na anayeandika dawa, ordinogramme, ile karatasi ya hatua za kufuata, ikiwa mezani. Kwa mtoto mwenye kikohozi inatosha: unahesabu pumzi dakika nzima kwa saa yako, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 unajua la kufanya. Sasa chukua mama wa makamo, tensheni 180 kwa 110, analalamika kwamba usiku hawezi kulala bila mito miwili. Unamkandamiza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, unaondoa kidole, na shimo linabaki: huenda moyo unashindwa kazi. Karatasi inasema: peleka hospitali. Unaandika barua ya kumpeleka hospitali ya Sendwe, anaichukua, anashukuru, anarudi nyumbani kwa sababu hela hakuna. Wiki ya pili unamwona tena, miguu imevimba zaidi. Hapo ndipo ujuzi wa ziada unapotakiwa. Muuguzi ajue kusikiliza mapafu chini kabisa mgongoni, aangalie mishipa ya shingo, ajue kwamba kabla ya kuanza enalapril, dawa ya tensheni na moyo, ni vizuri apime kreatinini na potasiamu kwenye damu, kuona hali ya figo na chumvi, na kuzirudia baadaye, tena ajue ni yupi wa kusubiri kesho na ni yupi wa kuondoka naye sasa hivi.

Hicho ndicho wanachokiita uuguzi wa ngazi ya juu, na haukuzaliwa kwa anasa. Marekani ulianza mwaka 1965 pale Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoanza kufundisha wauguzi kutibu watoto kwa sababu madaktari walikuwa hawatoshi. Botswana walifungua mafunzo ya namna hiyo mwaka 1981 kwa sababu ileile. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza masta iwe kiwango cha chini kwa kazi hii. Kwa hiyo usione haya mtu akikuuliza muuguzi anatafuta nini kwenye masta.

Ukifungua programu yoyote, usianze na jina lake wala picha za majengo. Tafuta masomo matatu: ugonjwa unavyoharibu mwili, yaani patofisiolojia, uchunguzi wa mwili wa kiwango cha juu, na famakolojia, yaani elimu ya dawa. Kisha uliza staji, yaani mafunzo ya vitendo, ni saa ngapi, mbele ya wagonjwa gani, na nani atakayesimama karibu nawe akikukosoa. Kama masomo hayo matatu hayamo, au staji ni maneno matupu, programu hiyo achana nayo hata kama ni ya bei nafuu. Stadi za mikono hazipatikani kwenye simu.

Ndiyo maana zile programu za Marekani za kusomea kwenye intaneti sizipendi kwako. Kule muuguzi wa ngazi hii anatakiwa kwanza awe na leseni ya Marekani, inayopatikana kwa mtihani wa NCLEX, kisha afanye mamia ya saa za staji chini ya usimamizi. Wewe uko Likasi. Utalipa dola, utasoma nadharia usiku, na ukifika kwenye staji mlango utafungwa. Ufaransa nako nimeangalia. Sheria ya kazi hii ilitungwa mwaka 2016 na dekreti zikafuata 2018: masomo ya miaka miwili, na miaka mitatu ya kazi ya uuguzi kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi hiyo. Nyanja zao ni nzuri sana, magonjwa sugu, saratani, figo, afya ya akili, dharura. Lakini diploma yetu ya uuguzi haikupi ruhusa ya kufanya kazi kule moja kwa moja, na sitaki uanze upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Vitabu vyao visome, vinakufaa kwa kuwa ni vya Kifaransa.

Macho yangu yako Dar es Salaam. Chuo cha Muhimbili kina masta ya uuguzi katika wagonjwa mahututi na majeraha, ipo ya afya ya akili, na ipo ya ukunga na afya ya wanawake. Darasani ni Kiingereza, na hapo utatoka jasho, sikufichi. Lakini ukiingia wodini, mgonjwa anakueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Nusu ya uchunguzi ni kumsikiliza mtu, yalianza lini, yanapanda vipi, nini kinayatuliza. Kule hutahitaji mkalimani kati yako na mgonjwa, na sijui nchi nyingi za kigeni ambako muuguzi wa Katanga anaweza kusema hivyo. Njia yenyewe unaijua, malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanatoka huko kila siku. Kigali, Rwanda, nao walianzisha masta ya uuguzi mwaka 2015 yenye matawi manane, figo na watoto wachanga yakiwemo, na ni kazi nzuri waliyofanya, ila hali kati ya nchi zetu unaijua, siwezi kukutuma huko sasa nikalala usingizi.

Kikwazo chako ni A1. Graduat yetu ya miaka mitatu inaweza kuhesabiwa nje kama diploma, wakati masta inataka digrii kamili. Tena tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vyetu viliingia LMD, mfumo mpya wa digrii, lisansi miaka mitatu na masta miwili, na wewe ni wa mfumo wa zamani. Nenda ISTM, chuo chetu cha ufundi wa tiba, ukaulize graduat yako inahesabiwaje na kimebaki nini ufikie lisansi, na jibu ulipate kwa maandishi. Hiyo A0 niliyoisema vibaya hapo juu, kwako iwe ufunguo tu: imalize hapa nyumbani ukiendelea na kazi, kisha utoke. Vilevile waandikie Muhimbili uulize kama mwanafunzi wa Kongo, maana sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni. Na uulize usajili wa staji unaombwa wapi. Usimguse mgonjwa wa nchi nyingine bila karatasi.

Masta ya afya ya umma ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ni nzuri kwa anayetaka kuongoza zone ya afya, yaani eneo la huduma za afya, au kufuatilia milipuko. Wewe hukuniambia hata siku moja kwamba unataka hayo. Anestezi ni jambo jingine: hospitali nyingi za kwetu anayemlaza mgonjwa usingizi ni muuguzi, na ISTM ya Kinshasa inafundisha. Kama moyo wako uko chumba cha upasuaji, niambie, tuongee upya.

Kabla hujaondoka, keti na daktari mkuu wa zone yako. Akuandikie kwamba ukirudi utawekwa kwenye konsultasioni, yaani kupokea na kuchunguza wagonjwa, ya magonjwa sugu, au popote mtakapokubaliana. Bila karatasi hiyo watakupa ofisi, tena wakidhani wamekuheshimu.

Mtoto wako atabaki kwetu. Mama yako ameshasema, na hapo hakuna mjadala. Ada ya lisansi tutagawana, mimi na kaka yako. Ya Dar tutaitafutia bourse, yaani ufadhili wa masomo, kuanzia sasa, usingoje kwanza upokelewe.

Nitumie relevé zako, yaani matokeo ya mitihani, za miaka yote mitatu, na kadi ya Ordre, chama cha usajili wa wauguzi, uipige picha pande zote mbili, nizipeleke kwa mtafsiri aliyeapishwa hapa mjini. Kiingereza anza wiki hii, jioni baada ya zamu. Na jibu la ISTM likitoka, nipigie hata kama ni usiku.

Baba yako