Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa kampuni yetu ya ardhi: Tufungulie rejista

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi
Nakala: Msajili wa Kampuni, Nairobi

KUH: REJISTA YA WANAHISA

Bwana Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini zilipigwa muhuri, nikapewa nakala yangu, na hapo zikaishia.

Jumatatu iliyopita mama mmoja mjane, wa umri wa kutuzaa mimi na wewe, alifika ofisini na cheti cha hisa cha marehemu mumewe. Ombi lake lilikuwa aonyeshwe jina la mumewe katika rejista, basi. Karani akamjibu kwamba rejista iko kwa wakili. Alipouliza ni wakili gani, askari wa getini akaitwa amtoe nje. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mwaka jana karani yuleyule aliniambia mimi kwamba rejista iko kwa mkaguzi wa hesabu.

Wewe mwenyewe, kwenye mkutano mkuu, ulituahidi kwamba kufikia Pasaka kila mwanahisa angeweza kuja kulisoma jina lake. Tulikupigia makofi. Pasaka imepita.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu walichanga pesa miaka ya 1970, wengine wakiuza ng'ombe, ili kupitia kampuni hii wanunue shamba la mlowezi hapa Bonde la Ufa na kugawana ploti kwa hisa. Risiti za wengi zimeliwa na mchwa, na vyeti vimechakaa. Lakini hata cheti kizima ni ushahidi tu. Mwanahisa ni yule aliyekubali kuwa mwanahisa na jina lake likaandikwa katika rejista. Ndiyo maana kitabu hicho kinatunyima usingizi. Akifutwa mtu humo usiku, atajuaje?

Sheria ya Kampuni ya 2015 haikuwaachia ninyi wakurugenzi hiari. Mwanahisa anaikagua rejista bila malipo. Hata asiye mwanahisa anaruhusiwa, akilipa ada. Anachotakiwa ni kuandika jina lake, anwani yake na sababu ya kuomba, nami niliyaandika yote. Kama mnadhani nina nia mbaya, nendeni mahakamani mkaombe ruhusa ya kuninyima. Kumwita askari hakumo katika sheria hiyo. Kumbukumbu za mikutano mikuu nazo ni haki yetu kuzisoma. Sijaomba kumbukumbu za vikao vya bodi wala vitabu vya ndani vya hesabu, maana najua mwanahisa wa kawaida hakupewa haki hiyo. Nimeomba kilicho changu.

Hisa zangu nilihamishiwa na baba akiwa hai. Leo ndugu zangu wananiona mwongo, wakisema nimeificha hati miliki ya ploti, ilhali hakuna hati iliyowahi kutoka. Benki haiwezi kunikopesha karo kwa ploti isiyo na karatasi. Ploti yenyewe, ile baba aliyoipata kwenye kura ya kugawa ploti, sasa imezungushiwa waya na mtu nisiyemjua, na anasema aliuziwa na kampuni. Aliuziwa na nani? Kwa hisa za nani? Nashuku kuna majina yaliyoingizwa baada ya wenye hisa kufariki, kwa sababu wafu hawaji ofisini kuuliza. Kama nimekosea, rejista ndiyo itakayonisuta, nami nitakuomba radhi mbele ya mkutano mkuu.

Ugawaji wa ploti zilizobaki ungesubiri. Uchaguzi wa wakurugenzi ungesubiri pia, na hata gawio, ambalo sikumbuki lilitolewa lini. Rejista haiwezi kusubiri, kwa sababu wanaoyajua majina ya mwanzo wanazikwa kila mwezi, na kila mmoja anaondoka na ushahidi wake.

Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi nitakuja ofisini, na yule mama atakuja nami. Tafadhali, Bwana Mwenyekiti, rejista iwe mezani. Kama iko kwa wakili, irudishwe. Kama iko nyumbani kwa mtu, irudishwe. Tufungulie rejista.

Wako mwaminifu,
Mwanahisa